Nilivyosimamia mfuko wa maktaba ya sheria ya kaunti

Nilipoanza kazi katika ofisi ya mkaguzi wa hesabu wa kaunti moja ndogo huko Texas, nilikabidhiwa mifuko ya mahakama, ambayo hakuna mwenzangu aliyeigombania: usalama wa jengo, ukalimani, kumbukumbu, maktaba ya sheria na mingine. Kila mfuko una masharti yake kisheria, na huwezi kuchota huku ukaziba pengo kule. Wa maktaba ndio ulionipa kazi kubwa.

Anayefungua kesi mpya ya madai katika mahakama ya wilaya au ya kaunti hulipa dola 350. Jimbo huchukua 137, na 213 hubaki kwenye kaunti. Tangu Januari 1, 2022, hizo 213 hugawanywa kwa asilimia zilizoandikwa kwenye sheria yenyewe. Fungu la maktaba ni asilimia 16.4319. Namba ya ajabu, lakini ukiipigia hesabu unapata dola 35 kamili. Ukarabati wa majengo ya mahakama hupata 20, usalama 20, ukalimani 3. Niliubandika mgawanyo huo ukutani, na umenisaidia kuliko programu yoyote ya uhasibu.

Kwa hiyo bajeti ya maktaba ni idadi ya kesi tu. Kesi 400 zilizolipiwa ni dola 14,000, basi. Kabla yangu mapato yalikadiriwa kwa kuongeza kidogo juu ya ya mwaka uliopita. Mimi nikaomba kwa karani wa mahakama idadi ya kesi za kila mwezi, nikaondoa zile ambazo mfungua kesi aliapa kwamba hana uwezo wa kulipa ada. Kesi za kuwatoa wapangaji nazo nikaziweka kando, kwa sababu husikilizwa katika mahakama ndogo za chini, ambako ada ya kaunti ni dola 33 na hakuna hata senti inayofika maktaba. Halafu wapangaji hao hao ndio wanaokuja kuulizia fomu! Jambo hili linaniudhi mpaka leo.

Upande wa matumizi, adui wa kwanza alikuwa nyongeza za vitabu, yaani majuzuu na kurasa mpya za kusasisha seti za zamani. Wachapishaji huzituma zenyewe, pamoja na ankara, kwa sababu zamani kuna mtu aliweka sahihi. Nilipita rafu kwa rafu nikiuliza kila seti nani huifungua. Jaji mmoja akacheka, akaniambia baadhi ya vitabu hivyo kazi yake ni kupendezesha picha za kampeni. Majaji wa Texas huchaguliwa kwa kura, kwa hiyo sikuweza kumbishia. Tukabakiza sheria za jimbo na vitabu vya fomu, tukasimamisha majuzuu mapya ya hukumu.

Huduma ya utafiti wa sheria mtandaoni ilikuwa ngumu zaidi. Bei ya mwaka wa kwanza huvutia, lakini nyongeza ya kila mwaka imo ndani ya mkataba. Nilikataa kujadili bei ya mwaka wa kwanza, nikaishikilia ya mwaka wa mwisho: kama makadirio yangu ya kesi hayaibebi, hatusaini. Muuzaji alirudi na mkataba mdogo zaidi, wa majaji pamoja na kompyuta moja ya wananchi.

Ofisi ya mwendesha mashtaka ilitaka nayo iingizwe humo. Sura ya 323 ya sheria ya serikali za mitaa inataja vifaa na samani za maktaba, huduma za mtandaoni kwa ajili ya majaji, na kituo cha kuwasaidia wananchi wanaojiwakilisha wenyewe. Waendesha mashtaka sikuwaona. Tulifikia mkataba mmoja wenye ankara mbili, yao ikilipwa kutoka mfuko mkuu wa kaunti. Hawakufurahi.

Akiba ilipoanza kuonekana, baraza la makamishna likaitolea macho. Wakati wa bajeti, kamishna mmoja alitaka itengeneze korido ya mahakama.

"Fedha zimelala tu, na jengo ni lile lile," alisema.

"Korido ina mfuko wake, mheshimiwa," nilimjibu. "Ule wa ukarabati, wa dola 20."

Akiba hiyo ilikwenda kwenye kona ya wanaojiwakilisha: meza, kompyuta, printa, na fomu za talaka zilizoidhinishwa na Mahakama ya Juu ya Texas. Mhudumu wa maktaba haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Anaweza kumwonyesha mtu fomu ilipo, lakini si kumwambia ajaze nini. Wino wa printa hiyo ndio unaokula fedha kuliko nilivyotarajia, na katika bajeti inayoanza Oktoba 1 nimeutengea kasma yake.