Siku yangu kati ya mdhamini na mdhibiti

Saa 12:20 asubuhi

Ujumbe uliingia nikiwa nimelala. Daktari wa kituo kimoja cha jaribio letu anasema mshiriki amelazwa ghafla, vipimo vya ini vimepanda vibaya, hali si nzuri. Usingizi ukaniruka.

Kampuni ninayofanyia kazi haina dawa yake yenyewe. Tunawafanyia wenye dawa majaribio, nami niko idara ya udhibiti, yaani mtu wa makaratasi kati ya mdhamini anayetulipa na mamlaka ya dawa inayotukagua. Leo ni siku ya sifuri, hesabu ya siku inaanzia hapa. Dhara likiwa halikutarajiwa, linatishia maisha, na dawa inashukiwa, mamlaka lazima ijue ndani ya siku 7. Zito lisilotishia maisha lina siku 15. Jumapili na sikukuu zimo kwenye hesabu.

Saa 2:10

Fomu iko mbele yangu. Ina kurasa nyingi, lakini macho ya kila mtu hukimbilia kisanduku kimoja: je, tukio lina uhusiano na dawa ya utafiti? Daktari ametia alama kwenye "inawezekana". Wino umekoza mpaka karatasi imebonyea.

Saa 2:45

Simu ya mdhamini. Kijana mwenyewe mpole, tumezoeana.

"Dada, habari za asubuhi? Hivi daktari ameangalia dawa nyingine anazotumia mgonjwa? Labda angeifikiria upya ile alama."

Swali la kwanza ni halali, hata mimi nilikuwa nimeshaliuliza. Ombi la pili ndilo lenye mushkeli. Mdhamini ana haki ya kutoa maoni yake, yakaandikwa kando ya ya daktari, na yote mawili yakaenda kwa mamlaka. Kuyapunguza ya daktari, hapana. Nikamwambia, "Kaka, hilo niandikie kwa barua pepe." Hakuandika. Nimeona mara nyingi: mtu akiambiwa aandike, ombi humwisha hamu.

Saa 4:00

Kikao na mshauri wetu mpya. Kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa serikali, sasa amehamia upande wetu wa meza. Wapo wanaosema watu kama yeye wasiajiriwe kabisa na kampuni. Sikubaliani nao, maana anaona kosa kwenye itifaki, yaani mpango wa jaribio, kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Ila kila jalada alilopitia akiwa serikalini nimeliorodhesha, na haruhusiwi kuligusa. Leo alichungulia kompyuta yangu. "Hilo mbona nalifahamu?" Nikageuza skrini. Tulicheka, lakini niliigeuza.

Saa 7:00 mchana

Nilikula huku nasoma. Tuendelee.

Saa 8:15

Kujaza saa za kazi, shughuli ninayoichukia. Tuna mradi mwingine unaolipwa kwa ruzuku ya serikali, kwa hiyo kila nusu saa lazima ijulikane ni ya nani. Nikiichanganya na ya mdhamini, ni wizi wa fedha za umma hata kama sikuweka kitu mfukoni.

Ruzuku hizi huniletea mawazo. Marekani, tangu sheria ya Bayh-Dole ya 1980, vyuo vikuu na kampuni ndogo huruhusiwa kumiliki hataza, yaani haki za kisheria, za uvumbuzi uliogharimiwa na serikali. Hoja ilikuwa kwamba hataza nyingi zilikuwa zinalala serikalini bila kuzaa dawa, na naielewa. Kinachonikaa kooni ni kwamba mlipa kodi huchangia mwanzoni, halafu siku ya kupanga bei haitwi.

Saa 9:30

Nikawapigia mamlaka kuwatahadharisha kwamba taarifa iko njiani. Mama aliyepokea alinihoji dakika 25: kiwango cha bilirubini (kipimo cha ini), tarehe ya dozi ya mwisho, nani alisoma majibu ya maabara. Nilitoka jasho.

Tangu 1992 kampuni za dawa huilipa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ada za kushughulikia maombi yao, na EMA, mwenzake wa Ulaya, nayo hutegemea ada kwa sehemu kubwa. Mkono mtupu haulambwi, watu husema, na siwalaumu kwa kushuku. Mimi nawashuku vilevile, isipokuwa siku ninapohojiwa namna ile.

Humkumbuka Frances Kelsey. Alikuwa mgeni kazini FDA mwaka 1960 alipokabidhiwa ombi la kuidhinisha thalidomide, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Akadai ushahidi zaidi, tena na tena, huku kampuni ikimsumbua kwa simu na kumfuata ofisini. Mwishoni mwa 1961 dawa hiyo ilianza kuondolewa sokoni Ulaya, maelfu ya watoto wa kina mama walioitumia wakiwa wajawazito wakiwa wamezaliwa na viungo pungufu. Mwaka uliofuata Marekani ikabana sheria yake. Sijui kama ningeyastahimili yale mashinikizo.

Saa 11:40 jioni

Jaribio letu ni la siri: hata daktari hajui nani anapewa dawa na nani bandia. Katika kesi kama hii mwenzangu wa usalama wa dawa ndiye hufungua siri ya mgonjwa huyo mmoja. Alijifungia chumbani dakika tano, akatoka, akaniambia neno moja.

"Tuma."

Ingekuwa bandia, asingesema hivyo.

Saa 12:25

Namba ya kupokelewa imeingia. Kijana wa mdhamini naye ametuma ujumbe: "Dada, ilikuwa dawa au bandia?" Sijamjibu, mwenye ruhusa ya kujua kwao ni idara yao ya usalama. Ripoti kamili ina siku 8 zaidi. Nimezungushia tarehe kwenye kalenda, na daktari wa kituo ameandika kwamba mgonjwa ameomba maji.