Ninavyopima sumu ya dawa za kuua ukungu wa mimea kwa mayai ya samaki zebra

Samaki zebra hutaga asubuhi taa zinapowashwa, na hapo saa ndipo inapoanza kuhesabika. Mayai nayasuuza, nayachambua kwa hadubini, kisha yanaingia kwenye dawa kabla hayajapita hatua ya seli 16, yaani kama saa moja na nusu tangu kurutubishwa. Mtago wenye urutubisho chini ya asilimia 70 nautupa. Nafuata mwongozo namba 236 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo: viwango vitano vya dawa, mayai 20 kila kiwango, yai moja kwa kisima (tundu dogo la sahani ya plastiki) chenye mililita 2, joto la nyuzi 26, saa 96.

Plastiki ndiyo inayoharibu majaribio mengi. Dawa ya ukungu iitwayo piraklostrobini hunata kwenye kuta za kisima, hivyo yai hupata pungufu ya kiwango kilichoandikwa daftarini. Naiacha sahani na dawa ya kiwango kilekile saa 24 kabla, naimwaga, naweka mpya, kisha naibadilisha kila siku na kupeleka sampuli ya maji ipimwe. Kiyeyushi cha kuyeyushia dawa hakizidi mikrolita 100 kwa lita, nacho kina kundi lake lisilo na dawa.

Kifo hutambuliwa kwa dalili nne: yai kuganda, pingili za misuli kutotokea, mkia kutobanduka kwenye kiini, moyo kutopiga. Kwa dawa za ukungu, hesabu hiyo peke yake inadanganya. Azoksistrobini, mojawapo ya dawa hizo, huziba kundi la tatu la protini (complex III) katika mnyororo wa upumuaji ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Kiinitete kinaweza kubaki hai huku moyo ukipiga polepole na maji yakijaa kwenye mfuko wake. Dawa za ukungu za kundi la triazoli, kama tebukonazoli, hugusa pia vimeng'enya vya homoni, na madhara ya uzazi huwezi kuyaona kwa saa 96.

Mapigo nahesabu kuanzia saa ya 48, sahani ikiwa imetulia. Taa ya hadubini hupasha maji, na mapigo hupanda bila dawa kuhusika. Kibofu cha hewa nakiangalia baada ya saa 96 za mwongozo, karibu na saa ya 120, lakini kifaranga hukijaza kwa kumeza hewa juu ya maji: kisima kikijaa hadi kifuniko, hata wasio na dawa watashindwa. Anayekagua uvimbe wa moyo asijue sahani ni ya kiwango gani, hivyo naziba lebo. Wakifa zaidi ya asilimia 10 kwenye kundi lisilo na dawa, jaribio zima linarudiwa.