Nilianzia kwenye "sijala": uzoefu wangu wa kufundisha nyakati timilifu za Kiingereza

Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wanatufikia wakiwa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha ghafla biolojia, jiografia, historia na hisabati zote zinageuka Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza ndiye anayetazamiwa kuwavusha. Nafundisha sekondari ya kata wilayani Chamwino, na jioni nina darasa dogo la watu wazima mjini Dodoma, upande wa Nkuhungu. Kote kuwili, hakuna sehemu ya sarufi iliyoniumiza kichwa kama nyakati timilifu, zile zinazojengwa kwa "have", "has" na "had". Nimezifundisha kwa njia nyingi. Hii ninayoieleza ndiyo iliyoshika.

Shule ya msingi nilisoma Kongwa, na vitenzi tulifundishwa kwa kuimba: go, went, gone, see, saw, seen, take, took, taken. Darasa zima sauti moja, mwalimu akigonga meza kuweka mdundo. Nyimbo zile ninazo hadi leo na nazishukuru. Lakini wimbo haukuambii umbo la tatu linatumika lini, na jibu la hilo nilikuja kulipata nikiwa chuo cha ualimu, tena kwenye taarifa ya habari. Kila jioni nilikuwa nikisikiliza redio, ya Kiswahili kisha ya Kiingereza, nikabaini watangazaji wanafanya jambo lilelile. Wa Kiswahili anafungua: "Waziri Mkuu amezindua mradi wa maji." Sentensi inayofuata: "Alisema jana kwamba..." Wa Kiingereza naye anafungua kwa "The Prime Minister has launched a water project", halafu anaendelea "He said yesterday that..." Habari inapoingia bado mbichi inabebwa na -me-, kwao inabebwa na "has". Siku ikishatajwa, tunashuka kwenye -li-, nao wanashuka kwenye wakati uliopita wa kawaida. Kumbe jambo tulilokuwa tunaliogopa tunalifanya wenyewe kila siku.

Nilipoanza kazi, basi, nikawa nafundisha kwa mkato: -me- ni "have" na umbo la tatu. Walimu wengi wanafanya hivyo, na kwa sentensi za mwanzo inatosha. "Nimeandika barua", "I have written a letter". "Wamevunja kioo", "They have broken the glass". Tatizo linakuja pale -me- inapoanza kufanya kazi zake nyingine, maana ya kwetu ina kazi nyingi kuliko yao.

Siku moja niliandika ubaoni "Mtoto amelala" nikawaambia watafsiri. Nikapita kati ya madawati kuangalia. Daftari baada ya daftari: "The baby has slept." Kisarufi imesimama, ila Mwingereza akiisoma anaelewa kwamba usingizi umepatikana, na pengine mtoto keshaamka. Sisi tukisema amelala tunamaanisha punguzeni sauti, yumo usingizini, yaani "The baby is asleep." Nikawapa "Amevaa sare", wakaandika "He has worn a uniform", badala ya "He is wearing a uniform." Nikawapa "Nimechoka", na hapo wakagawanyika. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Madam, sasa hii -me- ni ya jana au ya sasa hivi?" Lilikuwa swali bora kuliko maelezo yangu yote ya siku ile. Kwa vitenzi kama kulala, kukaa, kusimama, kuvaa na kuchoka, -me- yetu inataja hali aliyonayo mtu muda huu, na Kiingereza hutumia "is" mahali hapo. Vitenzi hivyo nikaviweka pembeni, vikawa na somo lao.

Mtego mwingine ni mazungumzo yetu ya mtaani. Tunasema "Jana nimeenda sokoni" bila mtu kushtuka. Ukiihamisha ilivyo unapata "Yesterday I have gone to the market", na hiyo Kiingereza hakiikubali kabisa. "Have" haikai meza moja na "yesterday", "last week", "in 2019" wala "two years ago".

Ndipo nikaamua kuingilia mlango wa nyuma, kwenye ukanushi. Muulize mtu yeyote wa Dodoma "Umekula?" Kama hajala atakujibu "Sijala" au "Bado". Muulize habari za jana usiku, atakuambia "Sikula". Sijala na sikula, mtoto wa miaka mitano anazitofautisha, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Sijala maana yake nafasi ya kula bado ipo, sufuria inaweza kuwa jikoni. Sikula maana yake jana imekwenda na chakula chake. Kiingereza kinagawanya hapohapo: "I haven't eaten" na "I didn't eat". Kweli, siku hizi utasikia vijana wakisema "jana sijaenda", lakini ukiwaandikia ubaoni wenyewe wanairekebisha kuwa "sikuenda". Sikio lao linajua.

Kwa hiyo sasa somo la kwanza halina -me- hata moja. Tunaanza na -ja-: sijamaliza, hajafika, hatujalipa, mvua haijanyesha. "The rain has not come yet" wanaielewa vizuri mno mwezi Novemba, mashamba yakiwa yamelimwa na kila mtu anaangalia mawingu. Kisha tunapanda hadi sijawahi: "I have never been to Zanzibar", "I have never travelled by plane". Kutoka hapo swali linazaliwa lenyewe, "Umewahi...?", "Have you ever...?"

Kipindi cha maswali hayo ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nawapanga wawiliwawili. Mmoja anauliza: "Have you ever seen the rock paintings at Kolo?" Michoro ile ya Kondoa wengi wanaifahamu angalau kwa kuisikia. Mwenzake kama amefika anajibu "Yes, I have." Sasa anayeuliza anapaswa kuuliza swali la pili, na swali hilo lazima liwe la lini: "When did you see them?" Na jibu: "I saw them in 2023." Narudia kwao kila mara kwamba wakati timilifu hauvumilii kuulizwa lini. Ukishajibu lini, toka humo, ingia wakati uliopita. Kuanzia hapo wakikosea siwaambii umekosea. Mwanafunzi akisema "I have visited my grandmother last month", namuuliza tu "Lini?" Anajisikia mwenyewe, anarudi nyuma: "I visited my grandmother last month."

Darasa la jioni lilinifundisha upande wa pili, wa tangu. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, watu wengi mjini wanatafuta kazi za hoteli, ulinzi na ofisini, nao huja na barua zao za maombi tuziangalie pamoja. Mzee mmoja mlinzi aliniletea yake, imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya mistari, mwandiko safi sana. Mstari wa kwanza: "I am working as a security guard since 2017."

Nikamwuliza, "Baba, bado uko kazini?"

"Bado nipo, Mwalimu. Tangu 2017 sijatoka."

Kiswahili chake hakina kosa. Sisi husema "nafanya kazi hapa tangu 2017", kwa wakati uliopo, maana kazi inaendelea. Kiingereza kinadai sentensi moja ishike pande zote mbili, pale ilipoanza na hapa ilipofika, na kwa kazi hiyo wanatumia "have": "I have worked as a security guard since 2017." Tukamalizia na "for", ambayo hubeba urefu wa muda badala ya mwanzo wake: "for many years". Aliinakili barua yote upya pale pale.

Baada ya hapo nikatafuta mifano ya tangu iliyo karibu na watu, na Dodoma yenyewe ikanipa. "Dodoma became a city in 2018." Kitendo kilitokea mara moja, mwaka umetajwa, "became". Halafu: "Dodoma has been a city since 2018." Hali ilianza siku ile na bado tunayo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, michoro ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2006, na kila tukio la namna hiyo tunaliandika mara mbili, kwa "in" na kwa "since". Zoezi hili huzaa matunda kwenye maswali ya mtihani ya kugeuza sentensi. "The last time I saw him was in 2019" inakuwa "I have not seen him since 2019", na aliyeanzia kwenye "sijamwona tangu" anaiandika bila kuhangaika.

"Been" na "gone" hazikunichukua muda, treni ya SGR ilinisaidia. Mtu akipanda treni kwenda Dar es Salaam, "She has gone to Dar", yuko huko au yuko njiani. Akisharudi na mifuko yake, "She has been to Dar." Sisi kwa zote mbili tunaweza kusema amekwenda.

Orodha ndefu ya vitenzi niliiacha. Ninachofundisha kwanza ni vile ambavyo umbo la pili na la tatu havifanani, kwa sababu hapo ndipo wanaandika "have went" na "has ate". Navipanga kwa sauti: speak, spoke, spoken; break, broke, broken; steal, stole, stolen. Kisha begin, began, begun. Drink, drank, drunk. Cut, put na hit havibadiliki, vinasubiri mwisho. Na hapa naimba nao kama nilivyoimbishwa Kongwa.

Had ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana Kiswahili kina mwenzake kamili: "Tulipofika stesheni, treni ilikuwa imeondoka", "When we got to the station, the train had left." Ninatumia pia habari ya mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 na kuachwa 1951: "By the time they gave up, they had spent millions of pounds." Wakati ujao nao unafanana, "itakuwa imeondoka", "will have left". Isipokuwa pahali pamoja panahitaji ukali. Sisi tunasema "mpaka utakapofika", kwa hiyo wanafunzi wanaandika "By the time you will arrive". Baada ya "by the time" Kiingereza kinataka wakati uliopo: "By the time you arrive, the train will have left." Hilo nalirudia kila wiki.

Wanaotazama filamu za Kimarekani huniuliza mbona wahusika wanasema "Did you eat yet?" Nawaeleza kwamba Wamarekani katika mazungumzo huruhusu hivyo, ila shuleni tunafuata Kiingereza cha Uingereza, na kwenye karatasi ya mtihani waandike "Have you eaten yet?"

Kilichobaki ni "have been waiting" na ndugu zake, ambazo nimezisogeza hadi Kidato cha Tatu. Magazeti yetu sasa yamejaa "amekuwa akifanya" na "wamekuwa wakilalamika", kwa hiyo muhula ujao nitawaambia waje na kipande cha gazeti chenye sentensi kama hiyo, tuanzie hapo.