Siku moja maishani mwangu: mhasibu wa skuli na usiku wa kofia pana

Saa 11 alfajiri

Siku ya hafla ya kauboi ya kuchangia kanisa na skuli yetu imeanza kwangu katika soko la Mwanakwerekwe, kwa kuwa nyama ya mishikaki ni lazima ikatwe na kutiwa viungo kabla jua halijapanda. Mimi ni mhasibu wa skuli ya parokia iliyo nje kidogo ya mji wa Unguja, na ni mweka hazina wa kamati ya hafla pia. Kwa siku kama ya leo kazi hizo mbili huwa moja, nayo ni kuhakikisha kwamba sherehe haili fedha iliyoandaliwa kuileta. Nimepata kuhudhuria hafla za hisani ambazo mapambo, muziki na sare za kamati vilimaliza michango yote, waandaaji wakabaki kupongezana mbele ya kamera. Kwa hiyo hii yetu niliiwekea kikomo tangu mwanzo: matumizi yote yasizidi robo ya fedha za tiketi zilizokwisha kulipiwa, na tiketi iliyoahidiwa haihesabiwi kuwa tiketi.

Mwenye bucha, mzee anayenijua kwa ubishi wa bei, alinitazama kwa makini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia leo Padri atavaa kofia ya kauboi. Ng'ombe mwenyewe mmempata?"

"Wa kuchoma tumempata kwako. Wa kupanda tumemtengeneza."

Alicheka, akanipunguzia shilingi mia tano kwa kila kilo. Nyama yetu huinunua kwake makusudi, maana wageni wengi wa leo ni Waislamu, wazazi wa wanafunzi wetu, na hawapaswi kuuliza mara mbili juu ya kilichomo sahanini.

Saa 1 asubuhi

Skulini nimewakuta vijana wa kwaya wakitoa madawati nje. Fedha tunayoitafuta ni ya paa la madarasa mawili, ambalo mabati yake yameliwa na kutu kwa chumvi ya bahari, na sakafu ya ukumbi wa kanisa, ambao siku za wiki hutumika kama darasa. Tangu tarehe 23 Septemba 1964, elimu katika skuli za serikali Zanzibar ilipotangazwa kuwa bila malipo, mzazi anayeleta mtoto katika skuli kama yetu huwa ameamua kulipa kile ambacho angeweza kukipata bure, na hatuwezi kumpandishia ada kila mara bati linapotoboka. Ndiyo maana tunachangisha.

Wazo la kuipa hafla sura ya Magharibi ya Marekani, ile ya wachunga ng'ombe wa karne ya 19, lililetwa na mwalimu wetu mmoja aliyesoma Texas. Alituambia kwamba huko makanisa na skuli zake huandaa usiku wa namna hii: wageni huja na jinzi, mabuti, kofia pana na leso shingoni, hula nyama ya kuchoma, hushindana katika mnada, na mwishowe mchango hupatikana kwa kicheko. Hafla yetu iliyopita ilikuwa ya suti na hotuba. Wageni walisinzia, nao walichanga kama watu waliosinzia.

Saa 3 asubuhi

Gari la ng'ombe limefika. Kwa kawaida hubeba mchanga na nazi, lakini leo litakuwa gari la wasafiri wa nyikani. Mafundi wamepinda mianzi juu yake na akina mama wa kanisa wamelishonea paa la merikani, kitambaa ambacho hapa Unguja si kigeni hata kidogo. Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, walitiliana saini mkataba wa biashara mwaka 1833, konseli wa Kimarekani akafika hapa mwaka 1837, na meli za bandari ya Salem huko Marekani zilikuwa zikishusha majora ya kitambaa hiki cha pamba na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Mtu akituambia kwamba mambo ya Marekani hayatuhusu, tutamwonyesha paa la gari letu.

Upepo wa kusi ulilichukua paa hilo mara moja likaangukia juu ya vyungu, tukalifunga upya kwa kamba za makumbi. Nyuma ya gari tumepigilia ubao mpana wa kupakulia chakula, kwa kufuata mfano wa Charles Goodnight, mfugaji wa Texas ambaye mwaka 1866 alifunga kabati la jikoni nyuma ya gari la kijeshi ili wachungaji wake wale njiani. Ng'ombe mwenyewe amefunguliwa akapelekwa kwenye mwembe wa mbali, maana hajazoea spika.

Saa 4 asubuhi

Kofia ndizo zilizonikosesha usingizi wiki nzima. Kamati ilitaka tuagize kofia za sufu kutoka Dar es Salaam. Nilipopiga hesabu ya bei pamoja na nauli ya boti, nikaona kila kofia itagharimu karibu nusu ya tiketi, na zaidi ya hapo, kofia ya namna ile aliyoanza kuiuza John B. Stetson mwaka 1865 iliundwa kwa manyoya yaliyoshindiliwa, kwa ajili ya nyika zenye baridi na mvua ya mawe. Ukiivaa hapa usiku wa joto na unyevu, utaivua kabla ya supu. Nikapendekeza kofia za ukili.

Bibi anayetusukia amezileta mwenyewe kutoka kijijini kwake upande wa kusini, zikiwa zimepangwa moja ndani ya nyingine hadi zikawa mnara mrefu kuliko yeye. Nilikuwa nimezoea kuziona tu vichwani mwa wavuvi na wakulima wa mwani, sikuwahi kuzitazama kwa utulivu. Ukili husukwa kwanza kwa chane za ukindu zilizoanikwa, baadhi zikiwa zimechovywa rangi ya zambarau, hadi upatikane utepe wa upana wa vidole viwili. Kisha utepe huo hushonwa kwa kuzungushwa kuanzia utosini, kila mzunguko ukilalia kidogo ule uliotangulia, mpaka kofia ipate kina cha kichwa na ukingo wa kufunika mabega. Ili ukingo upande juu pande zote mbili kama wa kauboi, bibi ameulowanisha, akaukunja, akaubana kwa vibanio vya nguo na kuuanika kivulini, kwani ukikaushwa juani huvunjika. Alipovitoa vibanio mbele yangu, ukingo ulibaki vilevile.

"Mwanangu, kofia hizi ni za kuvulia au za kuchezea?"

"Ni za kuchangia, bibi."

"Basi nilipe kabla hazijachangia."

Nimemlipa shilingi 5,000 kwa kila moja, fedha taslimu, naye ametia dole gumba katika stakabadhi. Mlangoni zitauzwa 12,000, na kwa njia hiyo pambo letu kuu limegeuka kuwa chanzo cha mapato, jambo ambalo kofia ya sufu isingeliweza kamwe.

Saa 6 mchana

Simu, simu na simu. Walioahidi meza wanaulizwa kwa adabu kama ahadi ipo palepale. Jibu la "inshallah" naliandika kwa penseli na jibu lenye ujumbe wa malipo naliandika kwa wino.

Saa 8 mchana

Vitu vya mnada vinapokelewa: mkungu wa ndizi mkono wa tembo, asali, jogoo mwekundu mwenye kiburi, kasha la mbao lililonakshiwa njumu za shaba, na hati ya kulala usiku mmoja katika hoteli ya pwani ya mashariki. Mzee mmoja wa kanisa, kwa moyo mkunjufu kabisa, ameleta gunia la karafuu kavu kutoka shambani kwake Pemba. Nimelazimika kumrudishia.

"Mzee wangu, karafuu hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake. Tukizinadi hapa, kesho Padri ataulizwa maswali yasiyomo katika katekisimu."

Amekubali kuzipeleka kituoni na kutuletea fedha. Kazi ya mweka hazina ni pamoja na kukataa sadaka, jambo ambalo watu hawalipendi.

Saa 10 jioni

Mwalimu wa historia anabandika mabango ya wanafunzi ukutani. Mabango haya yalizaliwa na ubishi, kwa sababu katika kikao cha mwanzo mzazi mmoja aliuliza kwa nini skuli ya watoto wa Kiafrika ivae mavazi ya Wazungu ili ipate bati. Mwalimu hakumjibu siku ile. Aliwapa swali lile wanafunzi wa kidato cha pili, na leo majibu yao yako wazi kwa kila atakayesoma: kwamba kazi ile ya kuswaga ng'ombe Wamarekani waliirithi kwa wachungaji wa Meksiko, kwamba baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, makundi makubwa ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas kuelekea vituo vya reli vya Kansas, na kwamba miongoni mwa waliowaswaga walikuwamo watu weusi wengi, ambao wanahistoria hukadiria kuwa walifikia robo ya wachungaji wote, baadhi yao wakiwa wametoka utumwani karibuni. Bango moja limeweka Texas na Unguja bega kwa bega. Upande mmoja ni mwaka 1865, watumwa wa Texas walipotangaziwa uhuru, na upande wa pili ni mwaka 1873, Sultani wa Zanzibar Sayyid Barghash alipokubali soko la watumwa la Mkunazini lifungwe, na jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo likawekwa papo hapo siku ya Krismasi. Yule mzazi aliyeuliza amelisoma bango hilo hadi mwisho, kisha akaenda kununua kofia.

Picha inayovuta watu zaidi ni ya Bill Pickett, mtoto wa waliokuwa watumwa, aliyezaliwa Texas mwaka 1870 na kupata umaarufu kwa kumrukia ng'ombe akiwa juu ya farasi, kumshika pembe na kumng'ata mdomo hadi aanguke. Mlinzi wetu, ambaye ni Mpemba na amekulia kwenye mchezo wa ng'ombe, ameitazama kwa dharau kidogo.

"Sisi kule fahali tunamchezea kwa kitambaa, tunampigia zumari, halafu anarudi zizini kwake. Kumng'ata? Huyo alikuwa na njaa."

Ndiye aliyetufungia "ng'ombe" wetu: pipa tupu lililoviringishiwa gunia na kuning'inizwa kwa kamba nne kwenye minazi minne. Bastola za bandia tumezipiga marufuku kwa sababu hapa ni skuli. Pombe pia haipo, na hilo halikuhitaji kujadiliwa.

Saa 12 jioni

Muziki unazimwa kwa ajili ya adhana ya magharibi, na hautawashwa hadi baada ya isha. Sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa wetu, alipotupa kibali hakuliweka hilo kuwa sharti. Tuliliandika wenyewe katika barua ya maombi.

Saa 2 na nusu usiku

Wageni wameingia. Padri amevaa kanzu yake nyeupe, leso nyekundu shingoni na kofia ya ukili, na foleni ya kupiga naye picha imekuwa ndefu kuliko ya chakula. Sheha amekataa leso lakini kofia ameikubali. Kuna mama aliyekuja na buibui na mabuti ya mvua ya mumewe, naye ameshinda zawadi ya vazi bora bila mpinzani. Kwenye ubao wa gari kuna mishikaki, maharage ya nazi, mikate ya kumimina na chai ya tangawizi. Wachungaji wa Goodnight nao walikula maharage, ingawa sidhani kama waliyaonja yenye nazi.

Pipa limeleta fedha kuliko nilivyotarajia. Kwa shilingi 2,000 mtu hupanda, mlinzi na vijana wake huvuta kamba, naye huanguka kwenye rundo la majani makavu huku jamaa zake wakipiga vigelegele. Mwalimu mkuu ameanguka mapema mno, wanafunzi wakachanga papo hapo ili apandishwe tena.

Saa 4 usiku

Mnada wa kimya, ambao kwa utaratibu wa Kimarekani mtu huandika bei yake kwenye karatasi na kupita, ulikuwa unadorora. Sishangai. Kwetu mtu anayetoa fedha kanisani au harusini hutaka jina lake lisikike, na anayeshindana naye hutaka kumwona usoni. Nimemnong'oneza mshereheshaji azikusanye karatasi na kuzisoma kwa kipaza sauti, jina kwa jina, na bei ya kasha ikapanda maradufu kabla hajaimaliza karatasi ya pili.

Jogoo ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko sote. Mzazi mmoja mwenye duka la vitambaa Darajani alimnunua kwa shilingi 60,000, akamrudisha mnadani. Walimu wakamnunua kwa mchango wao, wakamrudisha. Kwaya ikamchukua, ikamrudisha. Mwishowe Sheha akasema anakwenda naye nyumbani kabla hajachoka, akalipa, akaondoka naye kwapani.

Saa 6 usiku

Tumehesabu fedha ofisini watu watatu, mlango ukiwa wazi: mimi, mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya wazazi. Noti zimepangwa kwa thamani, malipo ya simu yamelinganishwa na ujumbe mmoja mmoja, na ahadi zimeandikwa katika daftari la peke yake, ambalo halichanganywi na la fedha hata mtu akiapa. Matumizi yamebaki chini ya robo. Fedha iliyopo mkononi inatosha mabati na mbao za madarasa yote mawili, na inabakia kidogo ya misumari na ufundi. Ya sakafu ya ukumbi haijatosha, na haitatosha mpaka ahadi zilipwe.

Kofia zilizosalia nimezifungia kabatini zikauzwe kwa watalii wanaokuja kutembelea kanisa. Fundi wa paa nimemwandikia ujumbe aje Jumatatu asubuhi na orodha yake ya mbao, na waliotoa ahadi nitaanza kuwapigia simu Jumanne.