Kuteka kwa Kibokoni

Mazungumzo ya saa moja hunila saa sita kuyaandika. Hedifoni masikioni, nasikiliza maneno machache, nasimamisha, naandika, narudisha nyuma. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ya usaidizi wa utafiti hapa chuoni. Naipenda, na pia naiogopa, maana nikikosea mimi ni nadra mtu mwingine kuirudia rekodi.

Mwongozo tuliopewa ulitaka tusanifishe. Bibi tunayemrekodi akisema ndia, tuandike njia. Nti iwe nchi, mato yawe macho. Mimi ni mtoto wa Changamwe, hapa Mombasa, Kiswahili changu ni cha stejini na cha darasani, kwa hivyo mwanzoni sikuona ubaya wowote. Ni mji huu huu, mwaka 1928, uliokaa mkutano uliokubali Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, kikaachwa. Na mimi nikawa naiendeleza kazi ile kwa kibodi.

Kuna bibi mmoja wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, niliyemrekodi akieleza utoto wake. Alisema, "Tukifika kisimani, twateka hata magharibi." Nikaandika kwamba walichota maji mpaka jioni, na kwenye safu ya mada nikaweka: kazi za watoto wa kike. Mstari ukapita, hakuna aliyeuliza.

Wiki iliyopita nilimpelekea kurasa nimsomee. Hatukuagizwa kufanya hivyo, ila naona ni haki yake. Sahihi kwenye fomu ya ridhaa haitoshi. Nikapiga hodi, shikamoo, marahaba, nikawekewa kahawa tungu na tende. Nilipofika pale pa kisima akanishika mkono.

"Maji gani hayo ya kutekwa hata magharibi, mwanangu? Ndoo mbili zajaa mara moja. Nimekwambia twateka. Kinywa, si ndoo."

Kuteka ni kucheka. Kwa Kimvita ndivyo lilivyo, na kwa maandishi halitofautiani na kuteka maji. Wasichana wale walikuwa wakitumwa maji, wakikutana pale wanacheka mpaka jua linatua, kwa sababu kisimani hakukuwa na mkubwa wa kuwanyamazisha. Alinieleza hayo huku macho yanamng'aa, akataja wenzake mmoja mmoja, wengi wao marehemu. Mimi nilikuwa nimewabebesha ndoo jioni nzima.

Nilimweleza msimamizi wangu siku ya pili. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali tuandike maneno kama yalivyotamkwa na usanifu tuuweke pembeni, kwenye safu yake. Ni kazi zaidi, na malipo ni yale yale. Sijali. Nimefuta "kazi", nimeandika "kuteka", na mbele yake nimeeleza maana kama alivyonipa yeye.

Zimebaki kurasa 18 ambazo hajazisikia. Jumatano, baada ya alasiri, narudi Kibokoni.