Mkate wa chachu na komahedhi yangu, ulichonisaidia na ambacho haukunisaidia

Wamama wenzangu nimeulizwa sana kuhusu huu mkate ninaobeba kazini, ngoja niandike yote kwa pamoja maana kila mtu nikimweleza nusunusu anaondoka na lake. Kwanza kabisa, mkate hautibu komahedhi. Lile joto la ghafla halijaisha kwa sababu ya mkate, na ukimsikia mtu anauza mkate kwa kusema unarudisha homoni usimpe hela yako. Mimi ulichonisaidia ni tumbo, na ile njaa ya ajabu ya asubuhi, na hivyo viwili vikitulia mwili mzima unapata nafuu jamani.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, nina miaka 52. Hedhi ilianza kuruka miezi, mara inakuja mara haiji, alafu usiku nafukuta mpaka shuka linaloa, saa tisa usiku niko macho natazama feni, asubuhi naingia darasani nimechoka kabla hata ya kipindi cha kwanza. Na chai yangu ilikuwa ile ya wengi wetu, slesi nne za mkate mweupe na siagi na chai ya sukari. Ikifika saa nne kasoro mikono inatetemeka, jasho, hasira za bure kwa watoto wa watu, hata sijui hii ni homoni au njaa, basi natuma maandazi. Tumbo nalo limejaa gesi, choo shida.

Daktari alinieleza vizuri sana, kwamba estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka mwili unakuwa mgumu zaidi kuitumia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, mafuta yanakimbilia tumboni, na mifupa inapoteza madini kwa kasi. Akasema punguza vilivyokobolewa, ongeza nyuzinyuzi na protini, tembea. Mkate wa chachu hakunitajia, huo nimeletewa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaoka mikate kwenye hoteli moja Arusha. Alikuja na chupa ya jamu imejaa chachu, akaniambia, "Shemeji, hii chachu ni unga na maji tu, lakini iko hai, usipoilisha inakufa." Wenyewe mahotelini wanauita sawado.

Tofauti yake na mkate wa hamira ni muda. Hamira ya dukani inaumua donge ndani ya saa moja au mbili. Hii chachu ina hamira za asili zilizomo kwenye unga pamoja na bakteria wa jamii ile inayogandisha maziwa, wanafanya kazi taratibu masaa mengi na kutoa asidi, ndo maana mkate unakuwa na uchachu. Sasa kwenye maganda ya ngano kuna kitu kinaitwa fitati kinashikilia chuma, zinki na magnesi, tumbo lisiweze kuyachukua vizuri. Donge likichachuka muda mrefu ile fitati inavunjwa na madini yanaachiwa. Na kwa kawaida sukari yake inaingia kwenye damu polepole kuliko ya mkate mweupe wa kawaida. Ila sikilizeni, ukitumia unga mweupe mtupu nyuzinyuzi zinabaki kidogo vilevile hata uchachushe vipi, mi nachanganya nusu mweupe nusu usiokobolewa, ule wengine wanaita atta.

Navyofanya: unga gramu 500, maji 350, chachu iliyoumuka vizuri gramu 100, chumvi gramu 10. Kujua chachu iko tayari dondosha kipande kwenye glasi ya maji, kikielea basi. Nachanganya jioni nikitoka kazini, sikandi kwa nguvu, kila nusu saa naloanisha mikono navuta donge upande mmoja nalikunja juu yake, nazungusha bakuli nakunja tena, mara nne hivi, unaliona kabisa linaanza kujishika na kung'aa. Shemeji kule kwake kuna baridi analiacha mezani usiku kucha, Dar kwa joto la Februari ukifanya hivyo asubuhi unakuta uji, kwahiyo mi likishaumuka masaa manne hivi nalifunga naliweka kwenye friji mpaka alfajiri. Oveni sina. Natumia sufuria zito lenye mfuniko, nalipasha kwanza kwenye mkaa, donge likiingia napalia makaa juu kama wali, ila hapa juu yawe mengi na chini machache sana la sivyo kitako kinaungua. Dakika 45 au zaidi kidogo, ukigonga chini ulie kama kitu kilicho tupu ndani. Na uache upoe kabisa, ukikata wa moto katikati unanata.

Nakula slesi mbili tu, na yai au maharage au parachichi, chai bila sukari. Na dagaa jamani, dagaa! Mwanamke aliyepita 50 anashauriwa kupata kalisi, yale madini ya mifupa, kama miligramu 1,200 kwa siku na mkate hauwezi kuleta hiyo, ila dagaa unawala na mifupa yao, ongeza mtindi na ufuta.

Baada ya wiki kadhaa choo kikakaa sawa, gesi ikapungua sana, na saa nne siku hizi inanikuta nafundisha bila kutetemeka. Usingizi umetengemaa kiasi, lakini hapo naamini zaidi ni kutembea jioni na kuacha kahawa ya mchana. Joto la usiku likikuzidi nenda hospitali, kuna dawa za homoni na zisizo za homoni, daktari atapima inayokufaa. Na ukishamaliza miezi 12 bila hedhi alafu ukaona damu, hata tone, nenda haraka usisubiri.

Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo wake unadhurika na gluteni, ile protini ya ngano, huu mkate asile, gluteni bado imo. Mwenye kisukari aendelee kupima kama kawaida, maana huu ni wanga bado.

Wifi yangu alichukua chachu kwangu akataka kutengeneza wa ulezi mtupu, ukakaa bapa kwa sababu ulezi hauna gluteni ya kushikilia hewa, sasa anaweka robo ulezi na iliyobaki ngano, unaumuka na una ladha nzuri kuliko wangu. Anayetaka chachu na yuko Dar aje na chupa yenye mfuniko, asiubane sana maana inatoa gesi.