Nilivyoondoa harufu kwenye mafuta ya mbata, hapa Tanga

Mbata, yaani nazi iliyokaushwa, ikiwa ya masika inajulikana kwa pua. Jua likikosekana siku tatu, nyama ya nazi inaota ukungu, na wakaushaji wanakimbilia moshi wa makumbi. Mwaka juzi nilinunua magunia ya mbata ya namna hiyo kutoka upande wa Pangani, nikakamua lita 60. Yalitoka na rangi ya chai, yanakereketa koo. Niliyapeleka kwa mama mmoja anayekaanga bajia Ngamiani. Alifungua chupa, akanusa, akaifunga. "Mwanangu, bajia zangu zitanuka moshi."

Yalinikaa rohoni maneno yale, maana pesa yote ilikuwa ndani ya madumu. Nikaanza kujifunza kusafisha.

Kwanza asidi, ndiyo inayokereketa koo. Mwalimu wa kemia, jirani yangu, alinifundisha kupima: gramu 10 za mafuta ndani ya spiriti ya moto iliyokwisha kuondolewa asidi yake yenyewe, matone ya fenoftalini (dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha), kisha nadondoshea maji ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni (gramu 4 kwa lita), kwa bomba la sindano mpaka rangi ya waridi ikae nusu dakika bila kupotea. Kwa mafuta ya nazi, kila mililita ni asilimia 0.2 ya asidi. Yangu yalikunywa mililita 16, yaani asilimia 3.2.

Hapo nikakosea, na kosa hili nalieleza kwa sababu ni rahisi kulirudia. Kiasi cha kostiki ya kugeuza asidi hiyo kuwa sabuni nilikichukua kwenye hesabu za alizeti: asidi mara 0.142. Kwa lita 15, ambazo ni karibu kilo 13.8, nikapata gramu 63. Nikakoroga, sabuni ikashuka chini, nikafurahi. Kuonja, koo bado linawasha. Asidi nyingi ya nazi ni ya lauriki, na chembe zake ni ndogo kuliko za asidi ya alizeti, kwa hiyo ndani ya uzito uleule zimo nyingi zaidi na zinataka kostiki zaidi: mara 0.2. Nilihitaji gramu 88, na ziada kidogo juu yake. Tangu hapo nayeyusha kostiki kwenye maji (kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki), napasha mafuta hadi nyuzi 60, nakoroga taratibu, kisha nayaacha yatulie usiku kucha.

Kuosha mabaki ya sabuni kunataka upole. Mara ya kwanza nilipiga maji ya moto kwa mwiko kama nasonga ugali, mafuta na maji vikashikana vikawa uji mweupe. Chumvi na moto ndivyo vilivyovitenganisha, baada ya saa nyingi. Sasa namiminia maji ya moto kwa juu, yapite yenyewe, mara tatu. Baadaye nakausha mafuta mpaka yaache kutoa povu, natia udongo wa kupaushia asilimia 2 kwa nyuzi 95, nusu saa, nachuja kwa kitambaa kizito. Rangi ya chai inaondoka. Harufu ya moshi inabaki.

Jaribio langu la kwanza la kuitoa lilikuwa moto tu: sufuria wazi, nyuzi 200. Mafuta yalirudi kuwa meusi na yakanuka vibaya zaidi, kwa kuwa hewa huyala mafuta ya moto. Ndipo nikaenda kwa fundi wa kuchomea. Tulitengeneza mtungi wa stenlesi wa mviringo, kuta nene, maana bati jembamba hubonyea hewa ikivutwa. Unabeba lita 40 lakini natia 15 tu, kwa sababu mafuta yanaruka sana. Mvuke unatoka kwenye sufuria ya presha, unaingia chini ya mafuta kwa bomba lenye matundu madogo, unapanda na kubeba harufu. Bomba hilo mwanzo lilikuwa la shaba, la friji. Mafuta yalitoka safi, na baada ya wiki mbili yakachacha: shaba huharakisha kuharibika kwa mafuta. Nikalibadilisha kwa stenlesi.

Hewa naivuta kwa pampu ya maji inayozungusha maji kwenye tundu jembamba, na ndoo zangu za maji nazibadilisha yakipata joto, la sivyo mvuto unalegea. Nyuzi 185, saa tatu. Kabla ya mvuke wowote kuingia natoa kwanza maji ya mvuke uliopoa ndani ya bomba. Tone la maji likiangukia mafuta ya joto hilo linalipuka. Nikimaliza sifungui. Nasubiri yapoe chini ya nyuzi 60 hewa ikiwa bado imevutwa.

Asubuhi moja ya Julai nilikuta kikombe cha majaribio kimeganda cheupe kabisa. Nikakipeleka Ngamiani kama kilivyo. Yule mama alichota kwa kijiko, akakisugua mkononi kikayeyuka, akanusa mara mbili. Akauliza bei.

Sabuni iliyoshuka chini naigeuza miche ya kufulia. Mbata yenye ukungu mwingi sikamui tena kwa chakula, ingawa kostiki hupunguza sana sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu. Nanunua nazi nzima, nazipasua na kuzianika mwenyewe juani. Na mama mkwe bado anataka yale yake ya tui, yanayopikwa sufuriani mpaka mashapo yawe kahawia, kwa nywele za wajukuu. Hayo siyaingizi mtungini.